Boneti Iliyofungwa kwa Waya

Boneti ilikuwa imefungwa kwa waya, na Kipkirui hakuwa na imani na kitu chochote kilichofungwa kwa waya.

"Fungua nione injini, mama," akasema. Ilibidi apaze sauti. Kwenye kibanda cha mabati kando ya boma, mashine ya kusaga unga ilikuwa inanguruma tangu alipofika kutoka Kitale, na foleni ya watu wenye magunia na makopo ya gorogoro ilikuwa imefika langoni.

"Kuna kuku ameatamia mle," Mama Rispah akamjibu. "Kula kwanza. Hapa Matulo mgeni hasemi shida yake akiwa na njaa."

Kipkirui akaketi, lakini macho yake yakabaki kwenye gari. Datsun ya michezo, milango miwili, pua ndefu kama ya mamba. Zamani watu waliicheka hadi wakashika mbavu. Gari gani hilo lisilobeba hata gunia moja la mahindi, na mke akipanda watoto wanabaki? Marehemu mume wa Rispah alikufa akiitwa Mzee Viti Viwili. Leo matajiri wa Nairobi walikuwa wakiyasaka magari kama hayo usiku na mchana, na madalali kama Kipkirui walizunguka vijijini wakichungulia nyuma ya mazizi ya watu.

Tatizo ni kwamba mteja wake, Bi Nduta, hakuwa mtu wa kuchezewa. Kipkirui alikuwa amempelekea gari moja kutoka Sirisia, zuri la kumtoa nyoka pangoni, likakutwa na injini ya pikapu.

"Safari hii injini iwe ile iliyotoka nayo kiwandani," Nduta alimwambia. "Namba yake ilingane na ya kibao kilicho chini ya boneti, na iwe inawaka. Ukinidanganya tena, futa namba yangu ya simu."

Na bila Nduta, Kipkirui angerudi kuuza plagi kuukuu kando ya barabara kule Kipsongo, alikoanzia.

Ugali ukaja, unga wake ukiwa umetoka kusagwa muda huo huo, na mchuzi wa kuku juu yake. Ukarimu ule ukazidi kumtia wasiwasi. Anayekushibisha namna hii, akawaza, anataka usinzie.

"Injini ipo?" akauliza, akimega tonge.

"Ipo."

"Ni ile ile? Mzee hakuibadilisha?"

"Aibadilishe ya nini na ilikuwa nzima?"

"Mara ya mwisho iliwaka lini?"

"Leo asubuhi."

Nusura tonge limpalie. Magurudumu yalikuwa yamezama udongoni hadi kwenye ringi, na mchicha ulikuwa umechomoza kwenye dirisha la dereva. Ati leo asubuhi! Mama mzima, kitambaa cheupe cha kanisa kichwani, na uongo unamteleza mdomoni kama mrenda.

"Basi iwashe nisikie. Na hiyo mashine yenu izimeni kwanza, imeniziba masikio."

"Nikiizima hiyo, utasikia nini?" Rispah akauliza, na watu wawili watatu kwenye foleni wakatazamana. "Ungekuja Jumapili, mwanangu. Jumapili hatusagi. Ningekuonyesha kila kitu kwa utulivu."

Jumapili! Kijiji kizima kiko kanisani, na yeye hapa peke yake na pesa za watu. Kipkirui alikuwa ameibiwa Bungoma, akaibiwa Eldoret, akaibiwa hata na ndugu yake wa toka nitoke. Harufu ya mtego aliijua. Akanawa mikono, akasimama, akaamua kumnasa mama kwenye mtego wake mwenyewe.

"Sikilizeni nyote!" akaita, mkono ukielekea kwenye foleni. "Mama anasema injini ni ile ile, tena inafanya kazi. Ikiwa kweli, nalipa bei yake yote, sitabishana. Ikiwa uongo, naondoka na gari bure. Nyinyi ndio mashahidi."

"Pole pole, bana," mzee mmoja akamwambia. "Si umuulize vizuri kwanza?"

"Nimeuliza vya kutosha!"

"Mwacheni," Rispah akasema. "Amesema mwenyewe, tena mbele ya watu. Nami nimekubali."

Kipkirui hakungoja abadilishe mawazo. Akazongoa waya, akaisukuma boneti juu. Kuku akamrukia usoni akilia kama anayechinjwa. Mle ndani mlikuwa na mayai juu ya nyasi kavu, na chini ya nyasi, udongo wa Matulo. Hakuna injini, hakuna hata bolti. Kibao cha namba kilining'inia pembeni peke yake, kama jina juu ya kaburi lisilo na mtu.

"Gari langu!" Kipkirui akapiga makofi, manyoya yamemjaa nyweleni. Akacheka. Foleni nzima ikacheka pamoja naye, mama mmoja akicheka hadi gorogoro ikamwanguka. Walicheka kwa muda mrefu kuliko yeye, na hilo kidogo likamshangaza.

Rispah peke yake hakucheka. Akakigeukia kibanda, akamwita mkaza mwanawe aliyekuwa akisaga.

"Nelima! Hebu zima!"

Mngurumo ukakatika. Boma zima likanyamaza, akabaki kuku tu akinung'unikia mayai yake.

"Haya, mwanangu," Rispah akasema, akimwonyesha njia kwa kanga yake. "Ishike kichwani namba ya hicho kibao, kisha njoo huku kibandani nikupangusie unga kwenye ile ya injini, ulinganishe."