Sitoki

Masikio hakusikia hodi. Mama Msumari alibisha mpaka vidole vikamuuma, na mwishowe mtangazaji ndiye aliyekuja mbio kumfungulia.

"Karibu, mama, na samahani. Mzee ndiye yule pale, ila masikio yamebaki jina tu."

Ndiyo dunia hiyo. Fundi sauti aliyesifiwa kwamba husikia sisimizi akikohoa, leo ukitaka kumsalimu sharti umshike bega. Muziki wa panki, ule wa magitaa na mayowe, ulimla masikio yote mawili, naye aliringia uziwi wake kama askari anavyoringia kovu.

Walikuwa watatu tu kwenye studio ya redio: mama, fundi, na mtangazaji, binti mwenye vipini puani na fulana nyeusi iliyoandikwa neno moja kifuani, SITOKI. Mama alishalizoea neno hilo. Lilikuwa jina la albamu ya mwanawe, ya kwanza na ya mwisho, iliyokuwa ikitimiza miaka thelathini. Wapangaji waliotupiwa vyombo nje walilipiga kelele. Wanafunzi waliogoma walilichora ukutani. Na kila kikundi cha vijana kilichopata gitaa bovu kilianza kwa kuiga mwisho wa wimbo wa mwisho, pale Msumari anapopayuka mara tatu, "Sitoki! Sitoki! Sitoki!", ile ya tatu ikikwaruza kama ukoko unaobanduliwa sufuriani. Waliiga wengi. Hakuna aliyeipata.

"Hiyo ya tatu, mama, ndiyo iliyotuzaa sisi wote," alisema mtangazaji.

"Hongereni," mama alijibu. Mambo ya nani kazaliwa na nini hayakumhusu. Alikuwa na swali lake.

Lakini nani angemkatiza Masikio? Mzee alishaanza, tena kwa sauti ya kuamsha mtaa. "Studio gani? Ile tuliyorekodia ilikuwa stoo! Haina dirisha, mlango tumeuvika godoro, kitasa cha ndani nimeking'oa kwa sababu kinagongagonga kwenye rekodi. Mwimbaji kule, mimi huku na mashine zangu, hatuonani. Kazi yangu neno moja tu: rudia! Na panki haitaki sauti nzuri, mama. Mtu akikohoa, unaacha. Akitapika, unaacha! Utamu wenyewe ndio huo."

Mtangazaji alicheka. Mama alisubiri mzee apumue.

Msumari aliuza cherehani ya mama, ndilo lilikuwa kosa. Cherehani iliyomlisha, iliyomsomesha, kijana akaibeba mchana kweupe akaigeuza gitaa. Alipoulizwa, akacheka. Mama akapandwa na mori. Akamtupia nguo uani, majirani wakitazama: "Toka! Toka na usirudi!" Naye akatoka. Juma hilohilo akarekodi, na juma hilohilo wakamletea mama maiti. Pumu, walisema.

Tangu siku hiyo mama hakupata usingizi wa maana. Mwanawe alikufa akimchukia? Au lile neno lilikuwa jibu lake, kwamba umfukuze usimfukuze, mtoto ni wako, hatoki? Wengine walisikia siasa kwenye albamu ile. Yeye alisikia ugomvi wa nyumbani kwake, na hakujua umeishaje.

"Muulize, mwanangu," alimwambia mtangazaji. "Alikuwa ananijibu mimi?"

Mtangazaji akamshika mzee bega, akamfokea swali sikioni. Masikio akamgeukia mama, uso umelainika.

"Sasa angemjibu nani mwingine? Aliniambia mwenyewe: 'Bi mkubwa kanifukuza, lakini moyoni mwake sitoki.' Akaingia, akalia kile kilio. Alipomaliza akatoka nje kupunga upepo, pumu ikambana palepale barazani. Nilimshika mimi, mama. Alikwenda kwa amani, anakutaja wewe."

Mama alilia. Alilia kwa furaha, jamani, bila aibu, kamasi na machozi, akauchukua mkono wa mzee akaubusu, na hakuuachia tena.

Mtangazaji naye alijifuta macho. "Basi nina zawadi yenu nyote wawili. Kampuni iliyotoa albamu ilipofunga ghala lake, tuliokota mkanda wa siku ile yenyewe. Sauti yake tupu, kabla ngoma hazijaongezwa, kabla mzee hajakata chochote. Nimeuingiza kwenye kompyuta. Hata mimi sijausikia, nilitaka tuusikie pamoja."

Masikio hakuambulia hata neno. Aliona tu kidole cha binti kikielekea kitufe. "Cheza, cheza!" akasema, akaweka kiganja cha mkono wake wa pili juu ya spika apate mtetemo.

Kikohozi. Pumzi ndefu. Kisha sauti ya kijana, karibu kama yumo chumbani: "Sitoki!"

Mama alifumba macho, akatabasamu.

Pu, pu, pu, mkono ukipiga godoro. "Masikio, nifungulie! Sitoki!"

Kifua kikaanza kulia filimbi. Kikalia, kikalia, kila pumzi fupi kuliko iliyotangulia. Mtangazaji alishika mdomo. Halafu, chini kabisa, ikikwaruza: "Mama... sitoki."

"Ndiyo hiyo sasa!" Masikio alishangilia, kiganja kikitetemeka juu ya spika. "Umeisikia, mama? Ya tatu!"

Filimbi ikakatika. Rekodi ikaendelea bila sauti, kisha ikaingia sauti ya fundi kijana, yenye raha na kazi yake:

"Umetisha, mwanangu! Hapo pa mama pamekaa vizuri kweli. Ila hii ya mwisho imelegea kidogo. Rudia."