Jina Kifuani

Zamzam alipata barua mbili za kazi zenye mshahara uleule. Akaenda katika zahanati alikojifunzia ukunga, iliyoandika mojawapo ya barua hizo, kueleza kwamba amechagua hospitali kubwa.

Bi Hidaya, mkunga mkuu, alikuwa amekwisha kumdarizia jina kwenye koti jeupe, kama ilivyo desturi yao kwa kila mgeni wa kazi.

"Wanakulipa zaidi, mwanangu?"

"Hapana, Bi Hidaya."

"Ni karibu na kwenu?"

"Ni mbali zaidi."

"Basi wana nini?"

Alikusudia kutaja mafunzo, lakini ukweli ukamponyoka. "Ofisi. Ina kibao cha jina langu mlangoni."

"Sisi tulikuandika kifuani."

Bi Hidaya akachukua wembe, akaanza kufumua herufi. Koti lingemfaa mwingine. Zamzam aliinamisha uso. Nyuzi zilipokwisha, matundu ya sindano yalibaki kwenye kitambaa, na jina lilikuwa bado linasomeka.