Rafu ya Mwanaidi

Nyumba zote za mtaa wetu zilikuwa zikijiponya. Ufa ulijiziba, rangi ilirudi yenyewe, na msumari wowote uliopigiliwa ukutani ulitemwa sakafuni kila Ijumaa kama mbegu ya chungwa.

Mwanaidi alichoka. Alitaka rafu moja tu ya vikopo vya viungo, ya mbao za kasha la nyanya, aliyoitengeneza kwa mikono yake. Mara tatu aliipigilia, mara tatu aliikuta chini.

"Mama Nuru, achana nayo," mumewe Kibwana alimwambia. "Nyumba haitaki."

"Itataka tu."

Akachana tyubu kuukuu ya baiskeli, akaifunga rafu kwenye bomba la maji kwa fundo alilofundishwa na mama yake: unazungusha mara nne, kisha unachomeka ncha ndani. Hakutumia msumari hata mmoja. Ijumaa ikapita, rafu ikabaki. Mwanaidi akapanga iliki, mdalasini na binzari, akashinda akiimba.

Jumatatu asubuhi Kibwana alikwenda kufungua mlango wa uani, akarudi jikoni.

"Mbona umefunga mlango kwa mpira?"

"Mimi? Tyubu yote iliishia kwenye rafu."

Wakaenda pamoja. Kitasa kilikuwa kimefungwa kwenye fremu, mara nne, ncha imechomekwa ndani. Mwanaidi akaugusa ule mpira. Ulikuwa na rangi ya ukuta, tena wa vuguvugu.

"Baba Nuru," alisema taratibu, "hebu kajaribu wa mbele."