Mtumbwi wa Tekla

Deus alizikwa bila miguu. Miguu ilibaki mtoni, na kaka yake, Lukelo, aliitafuta siku mbili kwa upondo wa kusukumia mtumbwi, akichokoa matete, bila kuipata.

Deus alikuwa mtu wa tatu kuuawa mwezi ule. Kabla yake Fidelis. Kabla ya Fidelis, Balbina, aliyekuwa akivusha mpunga kutoka upande wa Lupiro. Kivuko kilekile, kiboko yuleyule: jike aliyechunika ngozi toka shingoni hadi mkiani.

Wenye kofia ngumu wa kampuni wangependa watu wa mtoni wasahau, lakini watu wa mtoni hawasahau. Masika yaliyopita kampuni ya kutafuta mafuta iliacha shimo la uchafu wake juu ya kijiji, bila hata tuta. Mvua ikanyesha, shimo likajaa, likapasuka, mto ukawa mweusi siku nne. Kambale walielea matumbo juu. Viboko walitoka majini mchana kweupe, wakasimama juani wakichubuka. Yule jike alimsukuma mtoto wake kwa pua siku tatu nzima, mtoto amelowa mafuta, amekwisha kufa.

Kampuni ikaleta bwana mmoja. Akachovya kidole, akanusa, akasema mafuta hayo hayana madhara, atakaye achote. Walipomuuliza habari ya viboko, akajibu kwamba kiboko hana kadi ya kupigia kura. Akala wali wa watu, akaondoka.

Lukelo alichota madumu tisa. Alikuwa fundi mitumbwi, na siku zote mitumbwi aliipaka oili chafu ya gereji ili isioze. Mafuta haya yalishika mbao kuliko oili. Akaipaka mitumbwi yote ya kijiji, akianza na wa mdogo wake.

Tekla peke yake alikataa. Alikuwa mjane, mvuvi wa kambale, na alikuwa mkunga kabla zahanati haijajengwa.

"Shangazi, leta chombo chako nikipake."

"Harufu yake inanichefua, mwanangu. Acha kizeeke na mimi."

"Kikioza usije kunililia."

"Nikizama nitakulilia vipi?" Tekla akacheka, akasukuma mtumbwi wake.

Sasa, kwenye matanga ya Deus, Fulgensi mvuvi aliweka chini bakuli la uji.

"Juzi nimeona kwa macho haya. Tekla kapita hatua tano kutoka kwa yule mnyama. Mnyama kageuza kichwa, kamwacha apite."

"Kamtazama?" Lukelo aliuliza.

"Kama mbwa anavyomtazama mwenye mbwa."

Kisha mtu akasema, "Kiboko wa kutumwa huyo," na hakuna aliyegeuka kuona ni nani. Kampuni ilikuwa na geti, walinzi na bunduki. Nyumba ya Tekla ilikuwa na mlango wa matete.

Walimkuta anaanika samaki. Wengine, kwa mazoea tu, midomo ilitangulia akili.

"Shikamoo."

"Marahaba, wanangu. Mbona wengi hivyo?"

Lukelo alimpiga kwa upondo, wa kwanza, begani. Mfupa ukalia. Tekla akapiga magoti kwenye samaki wake.

"Lukelo. Mimi ndiye niliyempokea Deus akizaliwa. Kwa mikono hii."

"Na ndiye uliyemla. Miguu yake iko wapi?"

Hakupewa nafasi ya kujibu. Mawe yalitoka pande zote. Jiwe moja likampata mdomoni, akatema meno, akatambaa kuelekea majini, wakamvuta kwa kanga yake. Alipoacha kusogea, wao hawakuacha. Nyumba ikawaka na vyandarua vyake na picha yake ya ndoa.

Walipotaka kuuchoma na mtumbwi, Lukelo akasimama mbele yao na upondo wenye damu.

"Huu sio. Dawa yake imo humu. Kiboko anaujua. Kesho naingia nao, namkaribia nikiwa na gobole, namaliza kazi. Halafu naitafuta miguu ya mdogo wangu nimzike mzima."

"Huyo ndiye mwanaume," Fulgensi akasema.

Lakini fundi hawezi kuingia majini na chombo kibovu. Mtumbwi wa Tekla ulikuwa mkavu kama kuni, una nyufa mbili upande wa nyuma. Lukelo akaleta dumu la mwisho. Akaupaka nje na ndani kwa kitambaa, polepole, kwa mkono aliotumia kuupaka wa Deus. Mbao zikanywa. Akarudia.

Asubuhi kijiji kizima kilijipanga kingoni. Lukelo alipiga upondo hadi katikati ya kivuko, akaketi, gobole mapajani.

"Tulia tu," Fulgensi alimwita kutoka nchi kavu. "Atakutazama, atakuacha."

Maji yakainuka. Kiboko akaibuka hatua tano tu, mgongo mwekundu, mbichi, nzi wamemfunika. Lukelo akatulia kama alivyoambiwa, akingoja kichwa kigeuke ili apige katikati ya macho.

Kichwa kikageuka. Macho yote mawili yalikuwa meupe, yameungua, magumu kama mayai ya kuchemsha. Hayakuwa yakimtazama mtu.

Tundu za pua zikafunguka, zikavuta pumzi ndefu, zikashuka taratibu hadi ubavuni mwa mtumbwi, pale mafuta yalipokuwa hayajakauka.