Mlango Wenye Kikohozi

Fundi seremala aligonga mlango mara tatu kwa kitako cha nyundo, akasubiri, kisha akaweka sikio kwenye mbao.

"Mbona unabisha hodi?" akauliza Bi Sindano. "Kwani kuna mtu ndani?"

"Naisikiliza mbao, mama. Baba aligonga hivi hivi, na babu kabla yake. Mbao kuukuu ukiivamia bila hodi, inapasuka."

Bi Sindano alikuwa muuguzi mstaafu, na jina hilo alipewa na watoto wa mtaa wake, ambao karibu wote aliwahi kuwachoma. Alikuwa na wiki mbili tu tangu alinunue jumba lile la kale. Dada yake mkubwa angefika Jumamosi kuishi naye, na magoti ya dada hayakupanda tena ngazi. Vyumba vyote vya kulala vilikuwa juu, isipokuwa kimoja, mwisho wa ukumbi, nyuma ya mlango huu. Na mlango haukufunguka.

Alikwisha kuwaita mafundi wawili. Wote walikataa kwa adabu. Kwao mlango huguswa na aliyeutundika, au mwanawe, au mjukuu wake; fundi mwingine kuugusa ni sawa na kinyozi kumalizia kichwa kilichoanzwa na mwenzake. Huu ulitundikwa na babu yake fundi huyu.

"Haya, nieleze," akasema Bi Sindano. "Mlango una ugonjwa gani?"

Fundi akaketi juu ya sanduku lake la vifaa, akaanza mwanzo.

Jumba lilijengwa na mfanyabiashara wa pamba. Alilijenga kwa upana wa majivuno yake, hadi ukuta wa nyuma ukaziba madirisha ya nyumba za mtaa wa pili. Majirani walipokwenda kulalamika, akawajibu kwamba upepo ni wa Mungu, wakamwombe mwenyewe. Kila dari alilipamba kwa maua ya plasta. Kisha akasafiri mwaka mzima. Aliporudi, mlango huu haukufunguka.

"Akamwita babu. Babu akagonga, akasikiliza, akamwambia boriti ya juu imeshuka na kuuegemea mlango. Ukiutoa, ghorofa nzima inashuka kukusalimu."

Baada ya mfanyabiashara, jumba likanunuliwa na jaji. Jaji aliamuru mlango ufunguliwe ndani ya siku saba. Siku ya saba aliahirisha, na shauri halikusikilizwa tena hadi alipohama.

Kisha akaja daktari wa meno, aliyetaka kuung'oa.

"Baba akamwambia, daktari, mzizi wa huu umeshika taya la nyumba. Huyo alielewa haraka kuliko wote."

"Na safari zote hizo mlitoza kiasi gani?"

"Mlango huu hatutozi, mama. Tunauhesabu kama wa nyumbani."

Hapo kitu kikakohoa nyuma ya mlango.

Walitazamana.

"Mbao," akasema fundi. "Ikikauka, hukohoa."

"Fundi, nimeuguza vifua miaka thelathini na minne. Kikohozi hicho kina makohozi."

"Basi labda ni marehemu wa pamba. Hata jaji alimsikia, akanyamaza kwa ajili ya cheo chake."

Bi Sindano akainua macho. Juu ya kichwa chake, ng'ambo ya maua ya plasta, kilikuwa kitanda chake, kabati la nguo la mninga, na kile kiti cha chuma cha daktari wa meno ambacho wapagazi wanne walishindwa kukishusha. Alivitafakari kimoja kimoja, bila haraka. Kisha akashusha pumzi.

"Uache. Dada atalala sebuleni."

"Busara hiyo, mama," akasema fundi, akafuta jasho ambalo kazi yake haikulihitaji.

Lakini Bi Sindano alikuwa amefungua mkoba. Akatoa karatasi ya vidonge, akainama huku ameshika kiuno, akaisukuma chini ya mlango mpaka ikazama.

"Kimoja, mara tatu kwa siku," akauambia mlango kwa sauti ya wodini. "Kama ni mbao, haitadhurika. Kama ni marehemu, amechelewa kidogo, lakini ajaribu."

Fundi aliaga, akabeba sanduku lake, akazunguka kona hadi mtaa wa pili, akaingia kwake. Alimpita mkewe jikoni akikaanga vitunguu, akasogeza pazia la ukuta wa nyuma, akainama penye tundu ili asigonge kichwa, akatokea upande wa pili. Chini ya dari la maua ya plasta, mama mkwe wake alikuwa ameketi kitandani, karatasi ya vidonge mkononi.

"Amekwisha kupanda juu?"

"Amepanda, mama. Sasa kohoa tu."

"Nitakohoa baadaye," akanong'ona mama mkwe. "Rudi kwanza ukamuulize, baba: navinywa kabla ya kula, au baada?"