Kitanda cha Mahakama

"Shikamoo, mama," alisema muuza unga, na fundi cherehani akaitikia marahaba, maana hakujua salamu nyingine ya kuanzia biashara ile. Kisha mama akamwambia kijana kwamba unga aliompa hautoshi. Alitaka mzigo wa maana.

Muuzaji alimtazama kuanzia kitambaa cha kichwani hadi kandambili. Alikuwa kijana mwenye adabu zake. "Kwa umri wako, mama, ningekushauri uanze na kidogo."

"Nipe, mwanangu. Ninajua ninachofanya."

Na kweli alijua. Sheria mpya alikuwa ameisikia redioni akiwa kwenye cherehani, ikarudiwa na kurudiwa mpaka ikamkaa kichwani kuliko vipimo vya wateja wake. Waheshimiwa walikuwa wameipitisha kwa makofi. Atakayekutwa na unga kidogo ataonywa na kuachiwa aende zake. Atakayekutwa na mwingi atafikishwa mahakamani, na kama ni kosa lake la kwanza, badala ya jela atapelekwa kwenye tiba, serikali imlipie kila kitu. Na ili fedha za tiba zisiliwe ovyo, vitanda vyote vitakuwa vya watu waliopelekwa na mahakama. Mheshimiwa mmoja aliiita sheria yenye moyo wa mama.

Nyumbani fundi alikuwa na kitinda mimba wake, fundi umeme hodari kabla unga haujamfanya auze hata koleo zake. Safari hii kijana alikuwa ametaka kupona kwa hiari yake. Alimwambia mama yake hivyo jikoni, machozi yakimtoka, na hawakusubiri hata chai iive. Waliongozana hadi nyumba ya tiba. Muuguzi wa pale aliwakalisha, akawapa maji, akauliza wametoka mahakama gani. Waliposema wamejileta wenyewe, alisikitika kwa dhati. Kitanda kitupu kilikuwepo, shuka zake nyeupe zilionekana hata kutoka pale mlangoni, lakini kwenye bajeti mpya mtu asiye na kesi hakuwa na fungu lake.

Basi mama akampeleka mwanawe polisi. Sajenti wa zamu alimpekua mifuko yote, akapekua na soksi, akaambulia kiberiti.

"Mama, hapa sina kesi," alisema. "Ushahidi ameshauvuta."

Ndipo fundi alipomwendea muuza unga.

Aliporudi alimkuta kijana amelala, koti lake la kahawia limetundikwa nyuma ya mlango. Aliutia mzigo kwenye mfuko wa ndani, akaushona mdomo kwa uzi wa rangi ile ile, asije akaugundua kabla polisi hawajafika. Kisha akapiga simu kwenye ile namba ya kuripoti dawa za kulevya. Alikuwa amekusudia kumtaja mwanawe kwa jina, lakini jina alilompa mwenyewe likamshinda kulitamka. Akataja nyumba, akataja koti la kahawia, akakata.

Mvua ikaanza. Kijana aliamka na arosto yake ya kukosa unga, mwili unamuuma kila kiungo, akavaa koti na kuja kukaa karibu na cherehani. Mama alijitia kushona. Kila gari lililopita njiani lilimfanya ainue kichwa, na uzi ulikuwa umemkatikia mara sijui ngapi.

"Unatetemeka, mama," alisema kijana.

"Baridi tu, baba."

Kijana akavua koti akamfunika mabegani, akalivuta vizuri mpaka likamfika shingoni. Yeye mwenyewe alikuwa anatetemeka kuliko mama yake. Fundi alitaka kumrudishia, na mkono akaunyanyua, lakini ilikuwa zamani mno tangu mtoto huyu ampe mtu kitu nyumbani humo badala ya kuchukua. Mkono ukarudi chini wenyewe. Alikuwa bado anatafuta neno la kumwambia hodi zilipopigwa.

Mahakamani mambo yalikwenda upesi. Mshtakiwa alijieleza kwa kirefu kwamba unga ule hakuwa akiutumia, kwamba kisa chake ni kirefu na kina mtu mwingine ndani yake, na hakimu akasikiliza kwa upole wa mtu ambaye maneno hayo huyasikia kila siku ya kazi. Akasema kukana ni sehemu ya ugonjwa. Akasema mahakama haikuwa na nia ya kumfunga mtu anayehitaji msaada, na kwamba nchi sasa ina sheria ya kibinadamu. Kitanda kipo. Chakula kipo, daktari yupo, na ndugu wataruhusiwa kuja kumwona kila Jumapili.

Yalikuwa maneno yale yale ambayo fundi cherehani alikuwa akimwomba Mungu amjalie kuyasikia, na halikupungua hata moja.

Alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili, akageuka. Kwenye benchi la wasikilizaji mwanawe alikuwa amesimama, meno yakimgongana, akimsihi askari wa mahakama amwambie hakimu amhukumu na yeye.