Ukurasa wa Nuriati

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Walikuja kumsikia Zege, msanii wa rap, akisoma kitabu alichoandika kuhusu maisha yake, na wote walitaka ukurasa uleule: siku aliyofiwa na binti yake, Nuriati.

"Tusomee wa Nuriati, kaka!"

Hakuwahi kuusoma kwa sauti. Alishika maiki, akaanza taratibu. Alisoma jinsi simu ilivyoita mfukoni akiwa jukwaani, naye akaiacha iite kwa sababu watu walikuwa wanamshangilia.

"Nilipofika hospitali, Nuriati..."

Akajifunika uso kwa kitabu, na maiki ikashuka, ikawaelekea watu.

Miaka yote ishara yake ilikuwa hiyo. Akiwageuzia maiki, wao wanamalizia mstari. Wakasimama ukumbi mzima, mikono juu.

"Alikuwa ameshafunikwa shuka!"

Waliitikia kwa furaha, kama kiitikio. Msichana wa mstari wa mbele alikuwa anaruka, kitabu kimechakaa mkononi, machozi yanamtoka na anacheka.

"Hapana," Zege alisema. "Jamani, huyu ni mwanangu."

Lakini maiki bado ilikuwa imewaelekea wao, na hakuna aliyemsikia.

"Rudia! Rudia!"

Zege akarudi ukurasa mmoja nyuma, pale ambapo simu bado inaita.